Maziwa ya Mbuzi Yasinuke Beberu Wala Omena

Ukurasa huu wa somo umezoea kukuletea ngeli, vitate na methali. Mwaka huu twende zizini kidogo. Usicheke. Huko zizini kuna msamiati mwingi ambao watahini wanaupenda, na kuna jambo lingine ambalo ni zito kuliko mtihani: kikombe cha maziwa ambacho mtoto anakisukuma kando asubuhi akisema ati kinanuka mbuzi.

Hapa Rusinga ni nani hajalisikia neno hilo? Ardhi yetu ni ndogo, mawe ni mengi, na nyasi hukauka upesi mvua ikikatika. Ng'ombe hutaabika. Mbuzi ndiye anayeiweza hali hiyo kwa sababu yeye hula vichaka, hupanda majabali, na hata nyanya mwenye magongo anaweza kumfunga kamba chini ya mti na kumtazama akiwa amekaa. Lakini maziwa yake hudharauliwa. Mtu yuko radhi atume mtoto dukani akalete maziwa ya paketi yaliyovuka daraja la Mbita, huku ya mbuzi wake yakiachiwa vibuli au yakimwagwa. Na samaki nao si kama zamani. Ngege na sangara wamepungua ziwani, bei inapanda, na kuna siku mboga ni omena jana, omena leo, omena kesho. Tena kaunti yetu ya Homa Bay ni miongoni mwa zile zilizoumizwa zaidi na Ukimwi, kwa hivyo maboma ambayo nyanya analea wajukuu peke yake tunayajua kwa majina. Katika boma kama hilo nusu lita ya maziwa si kitu cha kumwaga kwa sababu ya harufu.

Basi tuulize: hiyo harufu hutoka wapi? Je, mbuzi amezaliwa nayo?

La hasha. Maziwa ya mbuzi mwenye afya, yaliyokamwa sasa hivi kwa mikono safi ndani ya chombo safi, karibu hayatofautiani na ya ng'ombe ukiyaonja. Ni meupe zaidi, naam, kwa sababu mbuzi huigeuza ile rangi ya manjano ya majani kuwa vitamini A, ilhali ng'ombe huiacha nyingine ipite katika mafuta. Pia malai hayapandi juu haraka kwa kuwa matone ya mafuta ya mbuzi ni madogo. Lakini harufu? Harufu huja baadaye, na huja kwa milango ambayo inaweza kufungwa.

Mlango wa kwanza uko ndani ya maziwa yenyewe. Wanafunzi wa kemia wasikie hapa. Mafuta ya maziwa ya mbuzi yana asidi tatu zinazoitwa kaproiki, kapriliki na kapriki. Majina yote matatu yametokana na neno la Kilatini la mbuzi, kwa hivyo hata wanasayansi walizitambua kwa pua kwanza! Asidi hizo zikiwa zimefungwa ndani ya mafuta hazinuki kitu. Zikifunguliwa, hapo ndipo unasikia mbuzi. Kinachozifungua ni kimeng'enya kiitwacho lipasi, ambacho kimo katika maziwa tangu kiweleni. Lipasi haiwezi kufanya kazi yake vizuri maadamu kila tone la mafuta limevikwa utando wake. Utando ukipasuka, lipasi inaingia kama mwizi aliyeona dirisha wazi.

Ni nini hupasua utando? Kutikisa. Kumimina kutoka juu hadi povu lifure. Kuyapoza maziwa mabichi, kuyapasha moto kidogo, kisha kuyapoza tena. Sasa mfikirie mtu anayeyatia maziwa mabichi na ya vuguvugu katika jerikeni iliyojaa nusu, anaifunga nyuma ya bodaboda, na anayasafirisha kwa barabara ya mawe kutoka upande mmoja wa kisiwa hadi mwingine. Akifika, amewapelekea wateja mbuzi mzima! Kama ni lazima maziwa yasafiri, yapozwe kwanza, na chombo kijazwe hadi shingoni ili yasipate nafasi ya kucheza. Vilevile usichanganye ya jioni iliyopita na ya asubuhi yenye joto. Mabichi yaliyopoa yakikutana na mabichi ya moto, yote huharibika kwa haraka ya yale ya zamani.

Mlango wa pili ni beberu. Hapa tusimame kidogo kwa sababu ya lugha. Mbuzi dume mzima ni beberu, na Waluo humwita nyuok. Jike aliyekwisha kuzaa ni mbarika. Yule ambaye bado hajazaa ni mtamba. Mtoto wao ni kibuli. Wanasiasa wetu nao walilichukua neno beberu wakaunda ubeberu, yaani utawala wa nchi moja kuikalia nyingine, na ukimwona beberu akiingia katikati ya mbarika wakati wa msimu wake utaelewa mara moja kwa nini walilichagua. Katika msimu huo beberu hujikojolea ndevu na miguu ya mbele, na tezi zilizo karibu na pembe zake hutoa mafuta yenye harufu kali. Hiyo ndiyo harufu ambayo watu huiita ya mbuzi, na ni ya dume tu. Inashika kwenye nywele za jike aliyesuguana naye, kwenye kamba, kwenye shati la mkamaji, na kutoka huko inaingia katika maziwa. Mafuta hunasa harufu upesi sana.

Kwa hivyo beberu alale peke yake, mbali na pale mnapokamia. Wafugaji wengine husema hatua ishirini zatosha. Mimi naona la muhimu zaidi ni upepo. Sisi watu wa ziwani tunajua kwamba alfajiri upepo hutoka nchi kavu kuelekea majini, na mchana hadi jioni hutoka majini kuja nchi kavu. Ukimweka beberu upande wa ziwa, jioni atakupulizia. Ukimweka upande wa kilima, alfajiri atakupulizia. Mweke ubavuni, ambako upepo huo haupitii mahali pa kukamia. Na anayemshika beberu asikame siku hiyo kabla ya kuoga na kubadilisha nguo. Katika nyumba nyingi kazi hizi mbili hufanywa na mvulana yuleyule, tena kwa shati lilelile.

Mlango wa tatu ni wetu sisi hasa, na vitabu vya ufugaji vilivyoandikwa Ulaya havitakuambia. Ni omena.

Kiswahili kina neno zuri la harufu ya samaki: shombo. Wengine husema vumba. Katika kisiwa hiki shombo haina likizo. Omena huanikwa kwenye nyavu ufukoni, huingizwa nyumbani kwa magunia mvua ikitishia, hupimwa kwa gorogoro mlangoni, na mama yuleyule aliyepima omena ndiye anayeitwa, "Mama, mbuzi analia, njoo ukame." Ukiyaweka maziwa wazi usiku kucha katika chumba chenye gunia la omena, asubuhi usimlaumu mbuzi. Maziwa yamekaa na samaki, yakazungumza nao.

Dawa yake si kuacha omena; tutakula nini? Dawa ni kutenga vyombo. Sufuria ya maziwa isipikiwe samaki hata siku moja, hata kama umeisugua kwa majivu ikang'aa. Kopo lililokuwa la kupimia omena lisigeuzwe kuwa la kukamia. Kitambaa cha kuchujia kisifuliwe na matambara ya jikoni. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Limau husaidia kuondoa shombo kwenye vidole, lakini suuza vizuri baadaye. Na maziwa yakae na kifuniko, chumba tofauti na gunia, hata ikiwa chumba hicho ni kona ya chini ya kitanda. Mafuta ya taa nayo ni vivyo hivyo. Aliyetoka kujaza koroboi asiguse chuchu.

Harufu nyingine huingia kwa njia ya mdomo na pua ya mbuzi mwenyewe. Majani yenye harufu kali, kama ya kitunguu, huonekana katika maziwa muda mfupi tu baada ya mbuzi kuyala au hata kuyanusa, kwa sababu harufu hupita mapafuni, huingia katika damu, kisha kiweleni. Mpe vyakula vya namna hiyo baada ya kukama, si kabla. Marando ya viazi vitamu na majani ya nepia hayana neno. Lakini ile miti inayoota ovyo kando ya njia, ambayo Waluo huiita nyabend winy na kitaalamu ni Lantana camara, mwondolee kabisa. Hiyo ni sumu kwa ini lake, sembuse ladha ya maziwa.

Sasa tuje kwenye kukama. Na hapa wanachama wa chama hiki wasikilize: ni kukama, si kukamua. Unakamua nguo, unakamua chungwa, jipu pia hukamuliwa. Mbuzi hukamwa, na afanyaye kazi hiyo ni mkamaji. Mtaani watu husema kukamua na tunaelewana, lakini katika insha tafadhali andika kukama.

Mkamaji anaosha mikono. Anakifuta kiwele kwa kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu, kisha kwa kikavu, kwa sababu kiwele kinachodondosha maji kinadondosha na uchafu. Matone mawili matatu ya kwanza ya kila chuchu hayaingii ndani ya chombo. Yanaangushwa juu ya kitambaa cheusi au kikombe cheusi na kutazamwa. Ukiona vipande kama vya mgando, au usaha, au damu, kiwele kinaugua. Maziwa ya kiwele kinachougua huwa na chumvichumvi, kwa kuwa chumvi ya damu hupenya ndani yake, na hakuna namna ya kupoza wala kuchemsha itakayoirudisha ladha. Mwite mtaalamu wa mifugo. Akimpiga mbuzi sindano, muulize ni siku ngapi maziwa yasinywewe, na uzihesabu siku hizo kwa uaminifu.

Mbarika aliyezaa juzi naye aachwe. Maziwa ya siku tatu nne za kwanza ni dang'a, ni mazito na ya manjano, ni haki ya kibuli, na ukiyachanganya na mengine yatakatika jikoni.

Chombo kiwe cha aluminiamu au cha chuma kisichoshika kutu, chenye mdomo mpana unaopitisha mkono. Jerikeni ya plastiki inaonekana rahisi, lakini mkono wako hauingii ndani, mikwaruzo yake huficha mabaki, na mabaki hayo ndiyo mbegu ya uchachu wa kesho. Chombo cha shaba au bati lililoota kutu huyapa maziwa ladha ya karatasi kuukuu. Suuza kwanza kwa maji baridi, maana maji ya moto hugandisha maziwa kwenye kingo. Halafu osha kwa maji ya moto na sabuni, umalizie na maji yaliyochemka, ukakiweke chombo kichwa chini juu ya uchanja kikauke juani. Maji ya ziwa yasiyochemshwa yasiwe ya mwisho kugusa chombo. Jua ni rafiki wa chombo kitupu lakini ni adui wa maziwa: maziwa yaliyoachwa juani hata kwa muda mfupi hupata ladha mbaya kwa sababu mwanga unaharibu mafuta na vitamini iliyomo.

Baada ya hapo ni mbio. Maziwa hutoka kiweleni yakiwa na joto la nyuzi 38 au 39 za sentigredi, ambalo bakteria hulipenda kupita kiasi. Tufanye hesabu. Chukua kwamba katika kikombe kuna bakteria 1,000 tu, na kwamba katika joto hilo idadi yao inakuwa maradufu kila nusu saa. Baada ya saa moja ni 4,000. Baada ya saa mbili, 16,000. Baada ya saa tano wameongezeka maradufu mara kumi, na hapo ni zaidi ya 1,000,000. Ukikama saa kumi na mbili asubuhi na kuyaacha mezani, saa tano hiyo milioni imefika kabla ya chakula cha mchana! Kwenye nyuzi 4, yaani baridi ya friji, wengi wao karibu hulala. Ndiyo sababu maziwa yaliyopozwa ndani ya saa moja au mbili huishi siku kadhaa, ilhali ndugu zake waliosahauliwa mezani huchacha siku hiyohiyo.

"Lakini mwalimu, friji tutaitoa wapi?" Swali zuri. Umeme umeingia katika maboma mengi ya kisiwa, friji bado. Basi tuanze na alichonacho kila mtu: beseni na maji. Chuja maziwa, yatie katika chombo chembamba cha aluminiamu, na ukisimamishe ndani ya beseni la maji baridi hadi maji yalingane na kimo cha maziwa. Maji huchukua joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, kwa hivyo usidhani kuyaacha maziwa kwenye upepo dirishani ni sawa. Koroga polepole kwa kijiko safi, usipige povu. Maji yakianza kuwa vuguvugu, yabadilishe. Maji ya ziwa juu juu huwa na joto la nyuzi 25 hivi, hayatakufikisha mbali. Maji yaliyolala katika dapi, ule mtungi wa udongo, kwenye kivuli, ni baridi zaidi. Dapi hutoa jasho kama sisi. Maji hupenya vinyweleo vya udongo, hukauka nje, na yakikauka hubeba joto.

Kanuni hiyohiyo imetengenezewa chombo. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alitambuliwa kwa Tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kuweka chungu kidogo ndani ya kikubwa, akajaza mchanga katikati, akaulowesha maji, akafunika kwa kitambaa chenye unyevu. Vyungu tunavyo, mchanga tunao tele. Lakini nisikudanganye: kule Kaskazini mwa Nigeria hewa ni kavu, hapa ni ya ziwani. Wakati wa masika hewa ikijaa unyevu, jasho la chungu halikauki vizuri na baridi yake ni ndogo. Wakati wa kiangazi, penye kivuli na upepo, kitakusaidia vyema kuyatunza maziwa kutoka asubuhi hadi jioni. Usikitegemee kwa siku mbili.

Barafu je? Barafu tunaiona kila siku ikishushwa kwa ajili ya sangara. Hesabu yake ni hii: kuipoza lita moja ya maziwa kutoka nyuzi 38 hadi nyuzi 8 kunahitaji barafu kama theluthi moja ya kilo, na ongeza kidogo kwa ile itakayoyeyuka bure. Kwa hivyo chupa mbili za nusu lita zilizogandishwa kwa jirani mwenye friji zinatosha lita mbili za maziwa yako, endapo utayapoza kwanza kwa maji ya dapi kisha uzitumbukize chupa hizo ndani ya beseni. Ndani ya beseni nimesema, si ndani ya maziwa. Na barafu iliyokwisha kulalia samaki usiilete karibu. Turudi kwenye shombo? Hapana.

Kuchemsha kuna faida mbili: kunaua bakteria na kunaizima ile lipasi. Ndiyo maana kwa asiye na friji ni afadhali ayachemshe maziwa mara tu baada ya kuyachuja, halafu ndipo ayapoze, kuliko kuyaweka mabichi na kuyachemsha jioni harufu ikiwa tayari imefunguliwa. Wenye viwanda huyapasha hadi nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Njia hiyo inaitwa kwa jina la Mfaransa Louis Pasteur, ingawa yeye alianza na divai. Nyumbani bila kipimajoto, tia sufuria ya maziwa motoni, funika moshi usiingie, ukoroge mara kwa mara. Yakifura na kupanda, yaondoe. Kuyaacha yatokote robo saa hakuongezi usalama wowote. Kunaongeza ladha ya kuungua tu. Kisha yapoze palepale ndani ya chombo hichohicho, na kifuniko chake. Ukiyamimina katika chombo kingine ambacho hakikuchemshwa umeanza upya.

Kabla ya kuyatia yote motoni, jaribu kijiko kimoja. Protini ya maziwa ya mbuzi haistahimili moto kama ya ng'ombe. Maziwa yakiwa yameanza kuchacha, hata kama ulimi haujatambua, yatakatika. Kijiko kikikatika umepoteza kijiko. Sufuria ikikatika umepoteza chai ya watu sita.

Hapa ndipo nataka tutulie, kwa sababu kuna kosa ambalo somo kama hili linaweza kulizaa. Msomaji anaweza kusema: mbuzi wangu ni safi, beberu yuko mbali, maziwa ni matamu, basi nayanywa mabichi. Asilani! Ladha nzuri haikuambii kwamba maziwa ni salama. Kuna ugonjwa unaoitwa bruselosisi ambao mdudu wake hana ladha, hana harufu, wala hayagandishi maziwa. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alimpata mdudu huyo katika kisiwa cha Malta, ambako askari walikuwa wakishikwa na homa isiyoisha. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua walikuwa wakiipata wapi. Mwaka 1905 Mmalta Themistocles Zammit akagundua kwamba mbuzi wa kisiwani, wenye afya kwa kuwatazama, walikuwa wanaibeba katika damu na maziwa yao. Mwaka uliofuata askari walikatazwa kunywa maziwa hayo, na homa ikaporomoka. Mdudu huyo anaitwa Brucella melitensis. Melitensis ni kwa jina la kale la Malta. Bruce huyohuyo alikuja katika ziwa letu hili mwaka 1903, Entebbe, kuchunguza ugonjwa wa malale uliokuwa unafuta vijiji vya pwani na visiwa. Kisiwa cha mbuzi na ziwa la mbung'o, vyote vimepita mikononi mwa mtu mmoja.

Dalili za bruselosisi ni homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu. Hebu zisome tena. Si ndizo hizohizo tunazoziita malaria? Kwetu, ambako malaria ni mgeni wa kila msimu, mtu anaweza kumeza dawa za malaria mara nne tano huku ugonjwa wenyewe ukizidi kujichimbia mifupani. Ukiwa na homa isiyokubali dawa, na kwenu kuna mbuzi, mwambie daktari kwamba kuna mbuzi. Mbarika akitupa mimba, usishike kondo wala kijusi kwa mikono mitupu, usimpe mbwa, fukia, na umwite mtaalamu wa mifugo. Maziwa yake yasitumike kabla ya mtaalamu kusema.

Neno moja kuhusu watoto wachanga, kwa kuwa nimesikia nyanya wakisema maziwa ya mbuzi ni sawa na ya mama. Si sawa. Yana upungufu wa foliki asidi, vitamini ya kutengeneza damu, na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapaswi kuyategemea badala ya ziwa la mamaye. Kama mama hayupo, zahanati itaelekeza.

Huenda mtu akauliza kwa nini tuhangaike hivi wakati mbuzi wa kienyeji hutoa nusu lita tu, na pengine pungufu. Ni kweli kwamba nusu lita huisha kwenye chai ya asubuhi. Lakini mbuzi wa maziwa wanaenea. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwachanganya Toggenburg wa Uswisi na Anglo-Nubian pamoja na mbuzi wa kwetu na Galla, wakawajaribu kwa wakulima wadogo huku Magharibi, karibu na Maseno. Kuanzia mwaka 1996 shirika la FARM-Africa likawapeleka Toggenburg Meru. Chotara wa namna hiyo akilishwa vizuri hutoa lita moja, mbili, hata tatu kwa siku. Lita tatu haziishi kwenye chai. Ama uzitunze ama uzimwage, na anayetaka kuziuza atauza mara moja tu kama zinanuka.

Nikiulizwa niuze vipi, ningeandika saa ya kukama kwenye kifuniko. Mteja akijua maziwa yamekamwa saa kumi na mbili, yakachemshwa saa kumi na mbili na nusu na kupozwa kabla ya saa moja na nusu, atalipa bila kuyanusa mara tatu.

Na yakizidi? Usisubiri yachache yenyewe. Uchachu wa bahati nasibu ndio unaoleta harufu ya zizi. Yachemshe, yapoze hadi yawe vuguvugu tu kama maji ya kumwogesha mtoto, tia vijiko viwili vya mala nzuri ya jana kwa kila lita, koroga, funika, uyaache mahali penye joto bila kuyatikisa hadi kesho. Ya mbuzi hayagandi kuwa magumu kama ya ng'ombe, huwa laini, na wengine hudhani yameharibika kwa sababu hiyo. Hayajaharibika. Ndugu zetu Wakalenjin hukifukiza kibuyu kwa makaa ya mti maalumu kabla ya kutia mursik, na moshi huo hufunika harufu nyingine zote. Mtaani tunasema mala, Watanzania husema mtindi au maziwa mgando, na wachache wanajua kwamba mala ni kifupi cha "maziwa lala", kwa kuwa yamelala usiku mzima. Yako katika ngeli ya YA-YA, kama maji na manukato: mala haya ni matamu, mala yale yamechacha mno. Ukisikia mtu anasema "mala hii", mpe kikombe kwanza, umsahihishe akishameza.